Noti Ndani ya Chupa ya Soda

Siku nilipokwenda kuaga, karani wetu mpya alinyanyuka kwenye kiti chake akasema, "Shikamoo, Mzee Shomari. Notisi umeshatoa?" Nikacheka. Nilicheka mpaka barafu ya chumba cha pili ikaanza kuyeyuka, nyapara akaja mbio kuuliza nani kaacha mlango wazi. Yule kijana alidhani namcheka yeye. Sikumcheka yeye, nilikumbuka chupa.

Basi nawaandikia nyie mnaobaki kwenye barafu, mjue habari ya hiyo chupa, maana kila mmoja wenu iko siku ataulizwa neno hilo hilo. Naandika kama ninavyosema. Shule mie niliipitaga kwa nje, nikienda kuuza madafu. Herufi nimezijua uzeeni kwenye darasa la watu wazima, kwa hiyo mkiona moja imesimama pabaya, isukumeni kidogo mpite.

Kabla ya barafu nilikuwa mtu wa soda. Kiwanda chenyewe kilikuwa Temeke, banda la mabati lenye mashine moja na kisima kimoja, na joto la banda lile lilikuwa kali mpaka kuku akipita mlangoni anatoka upande wa pili keshaiva. Soda za wakati ule hazikuwa na kizibo cha bati kama hizi zenu. Shingoni mwa chupa mlikuwa na gololi ya kioo. Gesi ikishaingia inaisukuma gololi juu, gololi inabana kwenye mpira, soda imefungwa. Ukitaka kunywa unaisukuma chini kwa kidole, inalia chwaa, unakunywa, na gololi inabaki humo humo ikicheza kama jino la bibi kizee.

Tajiri wetu tulimwita Bwana Gololi. Jina lake hasa nalijua, lakini wajukuu zake wako mjini wanauza vitambaa, tuwaache na biashara yao. Watoto wa Temeke walikuwa wakivunja chupa ili watoe gololi wachezee, na yeye hilo lilimuuma kuliko jino. Alikuwa akipita vichochoroni, akikuta watoto wanacheza anachuchumaa katikati yao, anaziinua moja moja juani. "Hii yangu. Hii yangu. Hii si yangu, hii ina rangi." Mara nyingine alisahau kilichomleta, anaingia mchezoni. Siku akifungwa na watoto anarudi kiwandani kanuna, na sie tunajua leo hakuna kuomba ruhusa.

Siku yangu ya kwanza alinipokea karani, jina lake Elieza, Mnyamwezi kutoka Tabora, Mkristo wa kuvaa soksi hata siku za joto. Mie Mzaramo. Na mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakipokeana mizigo pwani. Mtani hakuambii kitu bila kwanza kukutukana kidogo.

"Wewe Mzaramo?"

"Mie Mzaramo."

"Basi tajiri kapata hasara. Ngoma ikilia Buguruni huyu kaacha mashine inazunguka."

"Na wewe Mnyamwezi, ule mzigo wa watu uliobeba toka kwenu umeutua wapi? Wenyewe wanautafuta mpaka leo."

Akacheka mpaka wino ukamwagika. Alipomaliza kucheka akachukua karatasi ya sheria za kiwanda, ya Kiingereza, akawa ananisomea kwa Kiswahili, huku bado machozi ya kicheko yanamtoka. "Kazi inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Chupa ukivunja unakatwa. Ukitaka kuondoka unatoa notisi ya wiki moja. Umesikia?"

Nilisikia. Shida ni kile nilichosikia. Mie nilisikia noti ya wiki moja.

Msinicheke. Fikirini nyie wenyewe. Neno notisi sikuwahi kuliona wala kuonyeshwa. Noti naijua. Na mshahara ulikuwa shilingi ishirini kwa mwezi, kwa hiyo wiki ni shilingi tano, na noti ya shilingi tano ipo, nimeiona kwa macho yangu kwa watu wengine. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nikasema moyoni, watu wa ofisi wajanja kweli. Kwenye ngoma watu hutoa kiingilio, hawa wanataka kitokeo. Kuingia bure, kutoka noti. Nikaitikia, "Nimesikia, mtani," nikapewa koleo la makaa ya kuchemshia maji ya kuoshea chupa.

Neno lingine nililolisikia siku ile nililielewa barabara, nalo ni kukatwa. Ukivunja chupa unakatwa. Ukichelewa unakatwa. Na ukiondoka pale ulikuwa unapewa cheti, na kama uliwahi kukatwa siku ya hesabu ya mwisho, cheti kinasema amekatwa. Nyapara wa kwingine akisoma vile hakuulizi ulikatwa kwa nini. Kwake yeye ulivunja, au uliiba, au vyote viwili, tena uliiba kilichovunjika.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Pazi. Mtu mfupi, mpole, mikono yake imechanjwa na vioo mpaka ukiitazama unadhani ni ramani ya njia za reli. Alinivalisha kofia ya waya usoni na magunia mikononi, akanisimamisha mbele ya mashine. Chupa unaiweka kichwa chini, unavuta mkono wa chuma, gesi inaingia, unazungusha, unaitoa. Kazi ni hiyo tu. Ila kabla hujaiweka unaipiga kwa ukucha na kusikiliza.

"Chupa nzima inaimba," aliniambia. "Yenye ufa inakohoa. Ikikohoa usiibembeleze, itupe kwenye pipa."

"Na ikinyamaza, mzee?"

"Ikinyamaza toka mbio."

Nilizisikiliza chupa mpaka nikawa nasikia zikinisema. Na zilizopasuka nimeziona. Kuna moja ilipasuka asubuhi, wafungwa wa Ukonga wakaweka majembe chini wakidhani wameitwa kula. Vipande vyake tuliviokota wiki tatu, kimoja kilirudi chenyewe. Lakini ile niliyotaka kuwaambia haina mzaha. Ilikuwa chupa iliyoimba vizuri. Mzee Pazi aliipiga ukucha mbele yangu, ikaimba, akaiweka, akavuta mkono wa chuma. Kofia yake ya waya ilikuwa na tundu alilolishona kwa uzi, kwa sababu mpya ilikuwa haijaagizwa. Kipande kikapita pale pale kwenye uzi.

Alikaa nje kwa muda, tajiri akampelekea mchele na kasha zima la soda, kisha akarudi na jicho moja. Watu wakavumisha kwamba lile lingine kaweka gololi, na kwamba Bwana Gololi humchungulia kila jioni kuhakikisha si yake. Uongo. Nimekaa naye miaka, lilikuwa limefumba tu kama la mtu anayelenga.

Sasa noti. Nilipokuwa na miezi michache kazini nikasema niweke akiba ya kitokeo changu kabisa, nisije nikakwama ndani. Nikakusanya senti kwa senti mpaka duka la pembeni wakanibadilishia nikapata noti nzima ya shilingi tano. Nikampelekea mke wangu, Bi Tatu. Akaitazama kama mtu anayetazama mgeni wa kulala.

"Na hii tutaiweka wapi? Chini ya mkeka kuna mchwa. Juu ya mkeka kuna Mfaume."

Mfaume ni shemeji yangu, kaka yake Bi Tatu mwenyewe, alikuwa akija kutoka Segerea kutuangalia. Akituangalia, akiondoka hatuna kitu cha kuangalia.

Nyumbani kulikuwa na chupa moja tupu ya kiwanda. Sikuiba. Ilikuja na soda ya mgonjwa, ikakaa. Nikaikunja noti nyembamba kama sigara, nikaipitisha ubavuni mwa gololi kwa kijiti cha ufagio mpaka ikaanguka ndani. Ikafunguka kidogo mle ndani, ikatulia, unaisoma kwa nje vizuri kabisa. Mchwa hagusi kioo. Na Mfaume alijaribu siku mbili, akarudi Segerea na kidole kimevimba. Kuingia iliingia. Habari ya kutoka sikuiwaza, maana nani huwaza kutoka siku anayoingia?

Miaka ikapita. Gololi zikalia, vioo vikaruka. Siku moja tunakula mihogo kivulini mwa banda, Mzee Pazi akanigeuzia lile jicho lake.

"Shomari, mie nakuona kwa moja, lakini nakuona vizuri. Leo umeweka chupa mbili bila kuzipiga ukucha."

"Nilichoka tu, mzee."

"Ndivyo inavyoanza. Gesi ikishakuzoea haikubishii hodi. Tafuta kazi nyingine ungali unaona njia ya kwendea."

Maneno yale hayakunitoka. Nikilala naona kioo. Bi Tatu akinipakulia wali namtazama sana, mpaka akaniuliza kama nina homa. Nilikuwa namkariri tu, isije ikawa.

Ndipo nikasikia kiwanda hiki cha barafu kinataka mtu. Siku ya Ijumaa baada ya swala nikaja kwa miguu, nikamkuta nyapara wa wakati ule, Mzee Salumu, kajifunika blanketi katikati ya joto la Dar es Salaam. Nikamwambia mie mtu wa mashine.

"Mtu wangu mmoja karudi kwao Rufiji," alisema. "Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nataka aliye tayari. Usipokuja, wako wengine wanne nje pale, unawaona. Na uje na cheti cha utokako, kiwe safi. Mtu aliyekatwa simtaki. Na aliyetoroka ndiyo kabisa. Mtoro askari humfuata mpaka kazini, wanasimama mlangoni wanauliza maswali, mlango wazi, barafu yangu inakuwa maji ya kunawia."

Nikamwambia asiwe na shaka, kila kitu nimeshaandaa siku nyingi. Na kweli nilirudi nyumbani natembea kama bwana harusi. Kesho yake ni Jumamosi ya mshahara. Noti ninayo. Nani kama mie?

Jumamosi tukapanga mstari kwenye dirisha la karani. Zamu yangu ilipofika nikaifungua kanga ya Bi Tatu, nikatoa chupa, nikaisimamisha mezani mbele ya Karani Elieza.

"Nini hii?"

"Noti ya wiki moja. Leo naondoka."

Akaitazama chupa. Akanitazama mie. Akawageukia wenzangu mstarini. "Jamani, nyie Wazaramo mna mambo. Notisi mnatia kwenye chupa?"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, nilidhani anasifia akiba.

"Haya, mtani, leo umenishinda," akasema, anajifuta macho. "Chukua mshahara wako, tuonane Jumatatu."

"Jumatatu sipo."

"Utakuwa wapi, ngomani?"

"Kwenye barafu. Nimepata kazi kule."

Kicheko kikampungua usoni taratibu, kama gesi ikitoka. "Huu ni utani, au kweli?"

"Kweli."

"Kweli ya Mzaramo, au kweli ya watu?"

"Kweli ya watu, Elieza."

Akaweka kalamu chini. Hapo ndipo alipoanza kunieleza, na hapo ndipo mie nilipoanza kupotea. Akasema notisi si noti. Notisi ni kusema. Unasema leo kwamba utaondoka, kisha unafanya kazi wiki moja ndiyo unaondoka.

"Sasa kusema kunatolewaje?" nikamuuliza. "Wewe uliniambia nitoe."

"Unatoa kwa mdomo."

"Ya wiki moja? Nisimame hapa niseme wiki nzima?"

"Unasema mara moja, Shomari. Wiki inakuja yenyewe."

"Basi nimesema."

"Umesema leo. Wiki yake inaisha Jumamosi ijayo."

"Jumamosi ijayo kazi ya barafu ina mtu mwingine."

"Sasa mie nifanyeje? Ukiondoka leo umetoroka. Mshahara unabaki hapa, na cheti hupati."

Nyie, kichwa kilinizunguka kama mashine isiyo na mkanda. Miaka yote nimelala juu ya kitu nilichodhani ni ufunguo, kumbe mlango wenyewe hauna tundu. Nikamwona Mzee Salumu kwenye blanketi lake. Nikawaona wale wanne. Nikaitazama mashine kule ndani, nikajiona Jumatatu nimerudi mbele yake na kofia ya waya, na mkono wangu umechoka, na chupa inaimba vizuri. Nikasema, "Mtani, hebu soma tena hiyo karatasi."

Nyuma yangu watu wakaanza kuguna, maana tumbo siku ya mshahara halina subira. Lakini Elieza hakuwa mtu mbaya. Akaivuta karatasi, akafuata mistari kwa kidole, midomo inacheza. Kidole kikasimama.

"Ngoja. Hapa pana 'au'."

"Au nini?"

"Siku ile sikuifikia, nilikuwa nacheka. Inasema mtu atoe notisi ya wiki moja. Au, asipotoa, alipe mshahara wa wiki moja."

"Yaani nini?"

Elieza akaitazama chupa. Akaitazama karatasi. Akaitazama tena chupa. "Yaani," akasema polepole, kama mtu anayekiri mbele ya padri wake, "noti."

Kwa hiyo nilikosea kusikia, nikapatia. Au nilisikia sawa, yeye ndiye aliyekosea kusema. Mpaka leo sijui, na yeye hakujua, alivua miwani akawa anaipangusa tu.

Mngedhani yameisha. Hayajaisha. Elieza akasema, "Basi rahisi. Unadai shilingi ishirini. Nakata tano, nakupa kumi na tano, nenda salama, chupa yako rudi nayo."

"Unakata?"

"Nakata."

"Mie sikatwi."

"Shomari, hesabu ni ile ile."

"Hesabu ile ile, neno si lile. Ukikata, cheti kitasema nimekatwa. Nipe ishirini zangu zote, na mie nakupa noti yangu kwa mkono wangu. Hapo sijakatwa, nimetoa."

"Utabaki na ishirini vile vile, bwana wee."

"Na tano zilizomo kwenye chupa?"

"Hizo si ndizo unazonipa?"

"Ndiyo. Kwa hiyo ukikata nabaki nazo, na nisipokatwa sibaki nazo?"

"Ndiyo."

"Basi nachagua nisibaki nazo."

Akashika kichwa. Mmoja wa mstarini akasema mpe anachotaka huyu, watoto wetu wanalala njaa. Mwingine akasema hapana, karani yuko sawa. Wakaanza kubishana wao kwa wao kwa vidole, wengine wakavua viatu ili vidole vitoshe. Mwisho Elieza akapiga meza. "Haya. Hukatwi. Toa noti."

Nikaishika chupa, nikaipindua, nikaitikisa. Gololi ikalia ndani, noti ikacheza, haikutoka. Nikaomba kijiti cha ufagio. Kijiti kikakatika, nacho kikabaki mle ndani. Noti imeshajizoeza, imetanuka, haitaki kazi ya barafu. Mtu akasema, "Vunja." Watu wote pamoja na Elieza wakajibu kwa sauti moja, kama tunaitikia dua, "Ukivunja unakatwa."

Hapo Bwana Gololi akatoka ofisini kwake kuja kuona kwa nini mshahara umegeuka mkutano. Hakunitazama mie. Aliichukua chupa kwanza, akaiinua juani, akaizungusha.

"Hii yangu."

"Ndiyo, tajiri. Nairudisha."

"Na pesa hii ndani?"

"Hiyo nayo yako, tajiri."

Maisha yake yote alikuwa akizitafuta gololi zake vichochoroni, na hakuna iliyowahi kurudi na pesa. Akamgeukia Elieza. "Kwa nini huyu ananiletea chupa yangu na kutia pesa ndani?"

Elieza akafungua mdomo aeleze. Akaanza na notisi, akaja kwenye noti, akapita kwenye "au", akarudi kwenye notisi, akakwama. Nikajaribu kumsaidia, nikaharibu zaidi. Tajiri akatutazama kwa zamu, akauliza kitu kimoja tu. "Nani alipe nani?"

Ndipo Mzee Pazi alipotoka kwenye mstari. Akaichukua chupa mkononi mwa tajiri, akaipiga kwa ukucha, akasikiliza, ikaimba. Akavaa kofia ya waya, akaenda nayo kwenye mashine. Akaiweka kichwa chini, akavuta mkono wa chuma, akazungusha. Soda ikajaa, noti inaelea mle ndani kama papa aliyepotea njia, gololi imebana juu. Akaitikisa vizuri, akarudi nayo, akaielekeza mbele na kuisukuma gololi kwa kidole gumba.

Nimefungua soda nyingi, lakini kishindo kile sijakisikia tena. Povu lilipanda likafika juu ya minazi, likazunguka, likarudi na baridi. Noti ikatoka na kijiti changu cha ufagio, ikapita sikioni mwa Elieza na kumbandika Bwana Gololi katikati ya paji la uso.

Tajiri kasimama, maji yanamtiririka puani, shilingi tano imemkaa usoni kama stempu kwenye barua. Akaibandua kwa vidole viwili. Akaiinua juani, akaitazama mbele, akaitazama nyuma.

"Nzima," akasema.

"Nzima, tajiri," tukaitikia wote.

"Na soda hii nani kaagiza?"

Mstari wote ukanionyesha mie kwa kidole.

"Senti kumi," akasema.

Elieza akanihesabia ishirini zangu zote mkononi, nikampa tajiri senti kumi kwa mkono wangu, sikukatwa, nikainywa iliyobaki. Ilikuwa na ladha ya duka zima. Kisha Elieza akatoa cheti, akachovya kalamu, ikasimama hewani.

"Niandike nini, tajiri? Notisi hajatoa. Kukatwa hajakatwa."

"Andika alichotoa," akasema Bwana Gololi, akaondoka anaitikisa chupa yake tupu, asikie kama gololi imo.

Elieza akaandika. Akanipa mkono, na mara ya kwanza tangu tujuane hakunitukana, nikaona kweli naondoka.

Mzee Pazi alinisindikiza mpaka getini. Nilitaka kumshukuru, sikujua nianzie wapi. Nikaanza tena habari ya hesabu, kwamba sijaelewa kwa ile tano nimenunua nini. Siku zile saba ni zangu, ningezikuta mbele hata nisingelipa. Sasa nimezinunua kwa mtu ambaye hata hakuwa nazo?

"Wewe unalia shilingi tano," akaniambia, na yeye hakuwa mtu wa kulalamika, alisema kama anayetaja saa. "Mie nilitoa jicho. Hawakulihesabu kuwa notisi."

Akageuka kurudi ndani, kulikuwa na makasha ya jioni hayajajazwa.

Jumatatu saa kumi na mbili kasoro nilikuwa hapa. Mzee Salumu akaisogeza karatasi yangu karibu na taa, akasoma kwa sauti. "Ameondoka salama. Ametoa noti." Akakunja uso. "Karani wenu kalala shule. Kasahau mwisho wa neno. Ni notisi hii."

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Ni hiyo hiyo."

Yaliyofuata mnayajua, mengine mliyakuta. Jinsi ya kukata jiwe la barafu kwa msumeno bila kulipasua, jinsi ya kulifunika kwa pumba za mbao lifike Kinondoni lingali jiwe, jinsi ya kutokumwamini mtu anayesema koti hana haja nalo, hayo nimewafundisha kwa mikono.

Safari hii ya kuondoka nilijua. Nilitoa notisi kwa mdomo, mbele ya mashahidi, mara tatu, mpaka nyapara akaniomba ninyamaze. Nikafanya kazi siku zake zote. Na bado yule karani kijana aliponifungulia hesabu ya mwisho sikuelewa hata mstari mmoja. Kuna kilichoongezwa, kuna kilichotolewa, kuna kilichotolewa kisha kikaongezwa. Nikamuuliza moja tu.

"Nimekatwa?"

"Hapana, mzee. Hata senti."

Nikatia dole gumba langu, ingawa siku hizi jina naweza kuandika. Nikatoka nje juani. Nikasimama pale barabarani, nikafumba jicho langu la kulia, nikaitazama njia kama alivyokuwa akiitazama Mzee Pazi. Mnazi mmoja na ukuta mzima vilikuwa havipo. Nikalifumbua, vikarudi.

Shilingi tano, nyie. Haikuwa ghali.